Mteremko wa Paa Uanzie Kwenye Mchoro

Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, lina paa la maganda ya zege yaliyokaa kama miamvuli iliyopinduliwa. Kingo ziko juu, katikati pamebonyea, na mvua inayoangukia humo hushuka hadi kwenye matangi chini ya jengo. Wengi husifia umbo lake. Mimi nalisifia zaidi kwa sababu mteremko umo ndani ya zege lenyewe. Haukuachiwa fundi wa kumalizia.

Maghorofa mengi ya biashara hufanya kinyume. Slabu ya juu humwagwa ikiwa bapa, kisha mteremko huongezwa kwa mota. Tuseme maji yanasafiri mita 12 hadi kwenye bomba. Waingereza hutaka paa lililokamilika lisipungue mteremko wa 1 kwa 80, ila kwenye mchoro huweka 1 kwa 40, maana slabu hulegea katikati na mkono wa fundi hukosea. Kwa 1 kwa 40, upande wa juu unahitaji mota ya sentimita 30. Hiyo ni zaidi ya kilo 600 kwa kila mita ya mraba, mzigo ambao huenda nguzo hazikupigiwa hesabu. Hapo ndipo fundi anapopunguza mota, mteremko unakufa, na masika yakifika dari ya ghorofa ya juu inaanza kuota madoa.

Dawa ni kufupisha safari ya maji. Soko halikukusanya mvua yote kwenye shimo moja. Kila mwamvuli una eneo lake. Ligawe paa bapa vivyo hivyo: bomba likiwa mita 3 kutoka ukingo, mteremko uleule unadai sentimita 7.5 tu.

Bomba nalo lina hesabu yake. Mvua ya milimita 100 kwa saa, juu ya mita za mraba 100, huleta karibu lita 3 kila sekunde. Mfuko mmoja wa plastiki ukiziba tundu, ukuta mfupi wa ukingoni unaligeuza paa kuwa bwawa, na kina cha sentimita 10 kina uzito wa kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo lazima ukuta huo utobolewe tundu la dharura, juu kidogo ya usawa wa bomba. Matangi ya maji na mashine za viyoyozi pia vikae pembeni mwa njia ya maji, tena juu ya vitako.

Mwenye jengo, kabla hujatoa malipo ya mwisho, lilowanishe paa lote kwa maji, kisha panda tena baada ya siku mbili. Palipobaki dimbwi parudiwe kwa gharama ya mkandarasi.