Nani Alimuua Kapteni Alex?

Ndugu wahitimu, mutanisamehe. Mimi ni mtu wa mihogo na udongo, licence yangu ni ya agronomia, si ya sinema. Lakini juzi mdogo wetu mmoja alisema eti filme za zamani za damu na kisasi ni za kupoteza akili. Nimekataa, na leo naeleza juu ya nini.

Kwa sisi tuliokomea Mahagi, sinema ilikuwa nyumba ya matope, televizio moja na jenereta ikinguruma kule nyuma. Diski zilitoka Uganda pamoja na sabuni na biskuti, tayari zina sauti ya VJ anayetafsiri kwa Kiganda. Kiganda hatukijui, basi mwenye video alitafsiri tafsiri, nusu Kiswahili nusu Kialur, na akichoka alijitungia yake.

Iliyonitia hofu kuliko zote ni Nagin, ya Kihindi, ya mwaka 1976. Mwanamke nyoka anawawinda wanaume waliomuulia mpenzi wake, mmoja mmoja, akijigeuza sura ya wanawake wanaowapenda. Ukitoka pale usiku, hakuna aliyekubali kukojoa kwenye majani! Trike zake leo zinachekesha, nakubali, na nyimbo ni ndefu mno. Lakini angalieni mwanzo wake. Yule aliyefyatua risasi alidhani nyoka anataka kumuuma mwanamke. Alidhani anaokoa mtu. Kisasi chote kile kinaota juu ya kosa moja, na filme haikufichi: unamuogopa nagin, halafu unamuonea huruma, halafu hujui tena uko upande wa nani. Sholay ya 1975 nayo ilikuwa na mwisho ambapo Thakur anamuua Gabbar mwenyewe. Wakaguzi wa serikali ya India wakakataa, polisi wakaletwa wamkamate. Mimi ule wa polisi siupendi, unanukia ofisi.

Sasa tuje jirani. Who Killed Captain Alex? ilitengenezwa mwaka 2010 kule Wakaliga, mtaa wa maskini wa Kampala, na Isaac Nabwana. Bajeti inayotajwa ni kama dola 200. Bunduki ni za mbao na vyuma chakavu, helikopta ni ya kompyuta. Kwa damu, zamani walitumia ya ng'ombe mpaka muigizaji mmoja akaugua, wakahamia rangi ya chakula. (Sisi wa agronomia tungewaambia mapema: damu mbichi ya mnyama si ya kuchezea.) Watu wanaicheka, na VJ Emmie mwenyewe anachekesha juu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nami nacheka. Lakini Kapteni Alex anakutwa amekufa ndani ya hema, kaka yake anakuja kulipa kisasi, risasi zinanyesha, Kampala inalipuliwa, na swali la kichwa cha filme halijibiwi. Aliyemuua hatajwi kabisa.

Niliiona Bunia, kwa simu, tukiwa wanafunzi watano ndani ya chumba kimoja. Hatukuwa wa kabila moja, na mulio wa Ituri munajua hiyo ina maana gani tangu 2017. Baba yangu mdogo aliuawa njiani. Hakuna aliyeona. Lakini siku ya matanga kila mdomo ulikuwa na jina, na halikuwa jina la mtu: lilikuwa jina la kabila zima. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa wa kabila lile. Mimi nilikuwa nimekula naye wiki nzima bila kumtazama usoni.

Filme ikaisha, wakaanza kelele. "Sasa nani alimuua? Baturudishie feza!" Mmoja akasema ni watu wa Tiger Mafia. Mwingine akasema hapana, ni askari wake mwenyewe, wa ndani. Yule mwenzangu akasema polepole, "Hatukuona. Tuseme tu hatukuona."

Nikachukua simu, nikarudisha nyuma mpaka pale kwenye hema. Tukaangalia tena, vichwa viwili juu ya kioo kimoja, halafu mara ya tatu, mpaka moto wa simu ukaisha.