Dada, Mama na Wajumbe wa Injili: Kusoma Upya Wasifu wa Chauncy Maples

Miongoni mwa vitabu vya historia ya misioni kusini mwa Tanzania, wasifu wa Askofu Chauncy Maples, uliochapishwa London mwaka 1897, unastahili kusomwa upya na wanafunzi wa theolojia. Uliandikwa na Ellen Maples, ambaye ukurasa wa jina la kitabu unamtaja kuwa ni dada wa marehemu. Ni maelezo ya maisha yake pamoja na barua zilizochaguliwa. Hatukusudii kuuchambua wote. Tunauliza jambo moja tu: jamaa wa mmisionari anapokuwa mwandishi wa historia yake, hatari na kifo hupewa maana gani, na ni nani anayesahauliwa?

Misioni ya Vyuo Vikuu (UMCA), ambayo Maples aliitumikia, ilikutana na swali hili tangu mwanzo wake. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie aliingia katika mlango wa Ruvuma pamoja na David Livingstone, wakitafuta njia ya maji ya kufika bara. Maji hayakutosha, wakarudi. Januari 1862 Mackenzie alifariki katika bonde la Shire. Dada yake Anne, aliyekuwa safarini kumfuata, alizipata habari za msiba akiwa bado njiani.

Maples, aliyezaliwa mwaka 1852 na kusoma Oxford, alijiunga na misioni hiyo mwaka 1876. Mwaka huohuo Askofu Edward Steere aliwaongoza watumwa waliokombolewa kutoka pwani ya Lindi hadi Masasi, wakaanzisha makao huko. Maples alihudumu Masasi na Newala, kisha Likoma. Mwaka 1895 alibarikiwa kuwa askofu, na mwezi Septemba wa mwaka huo mashua yake ilizama katika Ziwa Nyasa, akafa maji akiwa na umri wa miaka 43.

Nguvu ya kitabu hiki ni kwamba huzuni yake ni ya kweli. Tunakutana na mtu aliyependwa, si sanamu. Lakini humohumo ndimo ulimo udhaifu wake. Kijana aliye mbali anapowaandikia wa nyumbani, hupunguza makali ya hatari ili wasikose usingizi. Baada ya kifo chake dada huchagua tena, akitafuta yale yanayomletea heshima. Hivyo, kabla barua haijatufikia, imekwisha kuchujwa mara mbili na upendo. Upendo si kosa, lakini hautoshi kuwa shahidi wa pekee.

Tuangalie mwaka 1882. Mwezi Septemba Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara, waliishambulia Masasi. Baadhi ya wale waliokombolewa waliuawa na wengine wakachukuliwa mateka. Watu waliokwisha kutolewa utumwani mara moja wakakamatwa tena. Hao hawakuwa na dada Uingereza wa kukusanya barua zao. Kwa sababu hiyo tunapendekeza kitabu cha pili kisomwe pamoja na hiki: masimulizi ya wavulana wa Kiungani, Zanzibar, yaliyotafsiriwa na A. C. Madan na kuchapishwa mwaka 1887. Humo wavulana waliotekwa wanaeleza wenyewe walivyotenganishwa na watu wao. Katika shule hiyohiyo alilelewa Cecil Majaliwa, aliyefanya kazi Chitangali kuanzia mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misioni hiyo kupewa ukasisi. Fahari ya jamaa, ambayo kwa Maples ilizaa kitabu, kwa mtumishi wa namna hii ilikuwa imekatwa na biashara ya utumwa. Ni Kanisa tu lililobaki kuwa jamaa yake.

Injili hailaumu fahari ya wazazi, bali huisahihisha. Mama wa wana wa Zebedayo aliwaombea wanawe viti vya heshima. Bwana akajibu kwa habari ya kikombe. Mama huyo hakukimbia, kwani Mathayo anamtaja tena miongoni mwa wanawake waliotazama msalaba. Baadaye mwanawe Yakobo aliuawa kwa upanga. Fahari iliyosahihishwa ni ile inayokijua kikombe kabla ya kuomba kiti.

Suala hili si la karne ya 19 peke yake. Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, hutuma vijana wawili wawili, wa kiume kwa miezi 24 na wa kike kwa miezi 18. Hadi Februari 2019 kwa kawaida waliwapigia simu wazazi wao mara mbili tu kwa mwaka. Tangu hapo wameruhusiwa kila juma. Hatukubaliani na mafundisho yao, lakini katika jambo hili wamekiri kwamba mzazi ana haki ya kusikia sauti ya mwanawe akiwa hai, si kusifiwa tu baada ya mazishi.

Je, sisi tunafanyaje? Oktoba 2020 wapiganaji kutoka upande wa Cabo Delgado walivuka Ruvuma, wakakishambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara na kuua watu. Mwinjilisti anayepangiwa usharika karibu na mto huo ana mama kama Maples alivyokuwa na dada. Hatuna budi kumwambia mama huyo ukweli kabla ya ibada ya kumtuma, kumpa njia ya kupata habari, na kumjua kwa jina.

Basi, wanafunzi wetu na wausome wasifu wa Maples kwa heshima, kisha waulize kila ukurasa: nani analiliwa hapa, na nani alikufa bila kuliliwa? Kanisa linalowalilia wa kwanza peke yao bado halijawa jamaa ya Kristo.