Mjozi Mweusi: Meza Iliyonifanya Niusahau Mwaloni

Pitisha kitambaa chenye mafuta juu ya ubao wa mjozi mweusi, mara moja tu, uone maajabu! Ule ukijivu uliobaki baada ya msasa unatoweka, mbao inakolea kama kahawa tungu, na ndani yake inatokea michirizi myeusi na uzambarau ambao dakika moja iliyopita haukuonekana kabisa. Meza yangu ndogo ya kando ya kitanda, ya mtindo wa Arts and Crafts, imesimama mbele yangu mafuta yakiwa bado mabichi, nami siwezi kungoja yakauke ndipo niandike. Mti wa mtindo huu ni mjozi, ule ule unaozaa jozi!

Najua wapenzi wa mwaloni watanijia juu. Gustav Stickley, aliyeueneza mtindo huu Marekani kwa karakana zake na jarida lake The Craftsman lililoanza mwaka 1901, alijipatia jina kwa mwaloni. Lakini angalieni kazi iliyokuwepo: mwaloni ule ulifungiwa kwenye mvuke wa amonia mpaka ukageuka kahawia. Mjozi unakuja na rangi yake kutoka shambani. Upe mafuta na nta, basi. William Morris na wenzake kule Uingereza walitaka mbao ionekane ilivyo na kazi ya mkono isifichwe. Hapo mti gani utaushinda huu?

Wala mimi si wa kwanza kuupenda. Ernest Gimson na mafundi wake wa Sapperton, chini ya msimamizi wao Mholanzi Peter Waals, walitengeneza kabati za mjozi wa Uingereza na kuviacha viungo vyake wazi kila mtu avione. Na katika nyumba ya akina Gamble, Pasadena, Marekani, iliyochorwa na ndugu wawili Charles na Henry Greene mwaka 1908, samani za chumba kikuu cha kulala ni za mjozi mweusi. Meza yangu imechota huko.

Sasa njooni kwenye patasi, maana hapa ndipo raha ilipo. Mjozi ni laini kuliko mwaloni mweupe, lakini si mlegevu. Patasi iliyonolewa sawasawa inashuka kwenye tundu ikiacha kuta zinazong'aa, bila kuchana wala kubomoa kingo. Ulimi wa ubao ukausukuma kwa kiganja, unaingia kwa mkazo mtamu mpaka mabega yanagusa mguu wa meza, na ule mstari wa kiungo unabaki mwembamba kiasi kwamba kucha haikwami hapo. Randa nayo inatoa maranda marefu, yenye harufu nzito ya kupendeza.

Halafu kuna ule mstari wa akina Greene kwenye ubao wa chini ya meza: unakwenda sawa, unapanda kingazi kidogo chenye kona za mviringo, kisha unaendelea sawa tena. Kwenye mwaloni uliopasuliwa kupitia kiini, macho yangekimbilia mabaka ya mti wenyewe. Kwenye mjozi nyuzi zimetulia, na mstari wote unaonekana. Nimeuzunguka mara nyingi leo na bado sijatosheka.

Na vigingi je! Akina Greene walipenda vigingi vya mraba vya mbao nyeusi, vilivyochomoza kidogo na kulainishwa kingo. Mimi nimeweka mpingo, mti wetu wa Lindi na Mtwara, ule wanaotengenezea klarineti. Upande mmoja robo inchi tu, umesuguliwa kwa msasa laini mpaka unang'aa bila vanishi. Weusi ule juu ya kahawia hii! Nani angefikiria kwamba miti ya mabara mawili ingependana hivi?

Kabla hujakimbilia dukani, uliza mbao ilikaushwaje. Wauzaji wengi huupiga mjozi mvuke ili weupe wa pembeni ufifie, na uzambarau nao hupotea humo humo. Tafuta uliokaushwa kwa upepo. Bei iko juu, sikatai, na vumbi lake linawasha, kwa hiyo vaa barakoa. Ujue pia kwamba kadiri miaka inavyopita, rangi yake hupauka kidogo ikielekea dhahabu, jambo ambalo kwangu ni zawadi ya ziada.

Kinachofuata ni kiti cha Morris, chenye mgongo unaolazwa au kuinuliwa kwa kuhamisha kigingi. Mbao nimeshazipanga ukutani, nene na pana, nami naanza na miguu ya mbele, ile ambayo ulimi wake unatoboa mkono wa kiti na kutokeza juu yake.