Volti Kabla ya Sauti

Fender Deluxe ya miaka ya 1950, ambayo mafundi huitaja kwa namba ya mchoro wake, 5E3, ni amplifaya ndogo ya gitaa: valvu tano, spika moja ya inchi 12, na rezista na kapasita chache ambazo hata mgeni wa kazi hii anaweza kuzilehemu bila haraka. Ndiyo maana wengi wanaojiundia amplifaya nyumbani, Marekani na Ulaya, huanza nayo. Kulehemu hakumtambulishi fundi, maana hilo hujifunzwa upesi. Ufundi wenyewe hujitokeza mapema zaidi, chuma cha kulehemu hakijapata hata moto, pale anapochagua transfoma ya umeme.

Transfoma hiyo ni pande la bati nyembamba zilizopangwa zikashikana, na waya wa shaba uliozungushwa juu yake maelfu ya mizunguko. Upande mmoja unapokea umeme wa soketi. Upande wa pili hutoa koili tatu: volti 6.3 za kupasha moto valvu nne, volti 5 za kupasha rektifaya, na ile koili ya hatari, volti 325 kila upande wa waya wa katikati. Jumla ya moto wa valvu ni hesabu ya shule ya msingi. Valvu mbili za 6V6 zinataka ampea 0.45 kila moja, mbili ndogo 0.3 kila moja, kwa hiyo 1.5 zote. Hapo hapana siri.

Siri iko kwenye 325. Mtu asiyezoea hudhani valvu zitapata volti 325. Mwenye hesabu kidogo atazidisha kwa 1.414, kwa kuwa kapasita ya kwanza hujaribu kushika kilele cha wimbi, naye apate karibu 460. Wote wawili wamekosea, kwa sababu amplifaya inapofanya kazi, rektifaya ya 5Y3 hula makumi ya volti, waya wa koili nao una ukinzani wake, na kinachofika kwenye anodi ni kama 350 au 360 hivi. Fundi mzuri huziweka namba zote tatu kichwani kwa pamoja. Hata ile 460 haitupi, maana 5Y3 hupata moto kwa sekunde chache tu huku 6V6 zikichelewa; katika muda huo hakuna anayevuta mkondo, na kapasita iliyoandikwa 450 inabebeshwa mzigo usio wake. Kwa hiyo hununua za 500. Ukifungua amplifaya ya mtu ukazikuta hizo, ujue umeingia nyumba ya mtu anayefikiri.

Halafu soketi yenyewe haikutulia mahali pamoja. Zama za Deluxe hiyo, umeme wa nyumba za Marekani ulihesabiwa volti 117 au pungufu. Leo ni 120, na kuna mitaa inayopata 125. Transfoma haijui mwaka. Huzidisha tu kinachoingia. Iliyozungushwa kwa 117 ikipewa 125, zile 325 zinakuwa 347, na 6.3 ya moto inakuwa 6.7. Dawa wanayoitumia mafundi wengine inanipendeza kwa udogo wake: transfoma nyingine ndogo ya volti 6.3, koili yake ya kutolea imefungwa kinyume mfululizo na waya wa soketi, ili ipunguze badala ya kuongeza. Umeme unaingia 125, unatoka 118 na ushee. Kwetu tatizo lina sura nyingine. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50, na transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 pekee hupata moto hata ukiipa volti zake sawasawa, kwa kuwa mawimbi ya polepole yanadai chuma kingi zaidi.

Fundi hulipima hilo lote kwa mita na penseli. Anaweka ncha za mita kwenye rezista ya kathodi, ile ya ohm 250 inayotumiwa na 6V6 zote mbili. Akisoma volti 20, ni miliampea 80, arobaini kila valvu. Anodi ina 350. Toa 20, zidisha, unapata wati 13 na kidogo, ingawa sehemu ndogo ya mkondo huo inakwenda kwenye skrini. Jedwali la zamani la valvu hiyo linaruhusu 12, la baadaye 14. Basi valvu zinaishi ukingoni, na Deluxe imekuwa hivyo tangu mwanzo. Anayeongeza volti 40 kwa tamaa ya nguvu anatakiwa abadilishe na rezista hiyo pia, na wengi hawabadilishi.

Siku ya kuwasha, waangalifu hutanguliza balbu ya zamani, ya waya unaong'aa, mfululizo na umeme wa soketi. Ikimulika kwa nguvu bila kupoa, kuna shoti mahali, na transfoma imenusurika. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Baada ya kuzima wanasubiri, wanamaliza umeme wa kapasita kwa rezista, wanapima tena, ndipo mkono unaingia ndani. Volti 400 za mkondo mnyofu zinaua.

Yote hayo yanasikika kwenye gitaa. Mpigaji akigonga kodi nzito, mkondo unaruka, 5Y3 na waya wa koili wanakula volti zaidi, na volti za anodi zinashuka kwa kitambo kidogo kisha zinapanda tena. Sauti inalegea mwanzoni halafu inajaa, kama mwimbaji anayevuta pumzi katikati ya mstari. Wapo wanaoing'oa 5Y3 na kuchomeka GZ34, ambayo kwa mzigo huo haili hata volti 20. Sauti inakuwa ngumu, ya haraka, yenye besi iliyosimama, na kwa amplifaya kubwa zenye transfoma nono ndiyo inayofaa. Kwenye Deluxe mimi ningeiacha 5Y3 mahali pake: GZ34 itazipandisha anodi hadi karibu 390, na zile wati 13 hazitabaki 13.