Kitabu ya mutu mwenye iko na nyumba yake

Leo siandiki juu ya siasa wala juu ya kazi tunazotafuta bila kupata. Naandika juu ya kitabu nilichokisoma mara mbili: kwanza kama mwanafunzi wa saikolojia hapa Lubumbashi, halafu mezani kwa mama, pamoja na yaya wangu. Yaya mwenyewe ameniruhusu, mradi jina lake lisitajwe. Mara ya kwanza nilikisifu. Mara ya pili nilianza kubishana nacho.

Ni mwongozo wa Matrix, wa kutibu watu waliotekwa na dawa za kusisimua kama kokeini na methamfetamini. Njia hiyo ilizaliwa Los Angeles miaka ya 1980, wakati wa wimbi la kokeini. Mwaka 2006 serikali ya Marekani iliichapisha kwa ajili ya washauri, na unaweza kuupata bure. Ni majuma 16 ya kazi: vipindi 8 vya kujifunza kuacha, 32 vya kujilinda usirudi nyuma, 12 vya kufundisha familia, pamoja na vikundi vya kusaidiana. Mwaka 2012 kikaongezwa kijitabu cha wanawake.

Musiseme ni mambo ya mbali. Cape Town wanaitumia njia hiyo kwenye kliniki za mji, kwani kule methamfetamini, ile wanaita tik, imeharibu familia nyingi. Na ndugu zetu wengi wako Cape Town. Yaya alikaa kule miaka sita. Alirudi amekonda mpaka majirani wakaanza kunong'ona kwamba amerudi na ugonjwa.

Mujue pia kitu kimoja. Mwenye kutumia heroini anaweza kupewa methadoni. Kwa tik na kokeini, mpaka leo hakuna kidonge kilichokubaliwa rasmi kwa kutibu uraibu wenyewe. Kwa hiyo mazungumzo hapa si mapambo ya kuongeza juu ya dawa. Ndiyo matibabu.

Uzuri wa kitabu ni kwamba hakikuulizi wewe ni mtu wa aina gani. Kinakuuliza saa kumi ya mchana utakuwa wapi. Unaandika ratiba ya siku, saa kwa saa. Kila siku uliyopita bila kutumia, unaitia alama kwenye kalenda. Kinakufundisha mnyororo: kitu kinakuchokoza, wazo linakuja, hamu inapanda, halafu unatumia. Kazi ni kukata mnyororo mapema, pale kwenye wazo. Kuna hata ufundi wa kuvaa lastiki mkononi na kuivuta ikupige wazo linapokuja. Yaya alicheka sana kuhusu lastiki. Lakini aliivaa.

Kilichonigusa zaidi ni sehemu wanayoiita Ukuta. Baada ya majuma machache ya kwanza, mtu anajisikia vizuri, anafikiri amepona. Kisha inakuja miezi ya uchovu: hakuna furaha, hakuna nguvu, chakula hakina ladha. Ubongo bado unajirekebisha. Bila kujua hilo, familia inasema "huyu ni mvivu tu", naye anasema "basi mimi ndiyo hivi, afadhali nirudi". Nilipomsomea yaya ukurasa huo, alinyamaza, halafu akaniomba niusome tena. Kwa ukurasa ule peke yake, namshukuru aliyekiandika.

Sasa ubishi wangu. Kitabu kinasema: epuka watu, mahali na vitu vinavyokuchokoza. Sawa. Tuliandika orodha. Mtu wa kwanza kwenye orodha ya yaya alikuwa baba ya watoto, ambaye anavuta bado, na ambaye ndiye anatuma makuta ya shule na ya nyumba. Yaya aliweka kalamu chini, akaniambia:

"Sasa niepuke huyu, nani atalipa? Kitabu yako ile ni ya mutu mwenye iko na nyumba yake."

Sikuwa na jibu. Nilikimbilia kijitabu cha wanawake. Nikitendee haki: kinazungumza juu ya mahusiano, majeraha ya moyo, sura ya mwili, mzigo wa familia. Kinajua kwamba mwanamke mara nyingi hakuanza peke yake, na hawezi kuacha kama mtu aliye peke yake. Lakini chombo chake kinabaki kilekile: karatasi ya maswali na mazungumzo ya kikundi. Tatizo kinaliona, namna ya kulipa nyumba kinaiacha nje ya mlango. Hata habari ya mwili si ileile. Kule mwanamke anaogopa kunenepa akiacha. Hapa, siku majirani walipomwambia yaya "umenona!", ilikuwa sherehe ndogo.

Lakini lawama kubwa siielekezi Los Angeles. Naielekeza kwetu. Katika TFC yangu niliandika vipindi, alama za kabla na za baada, na hitimisho kwamba njia "inafaa". Wanawake waliotoka katikati niliwaweka kwenye mstari mmoja: "waliacha". Mmoja alikuwa anakuja na mtoto mgongoni, kwa miguu, amechelewa kila mara. Sikumuuliza hata siku moja alitoka wapi. Nilipima waliobaki, yaani wale ambao maisha yaliwaruhusu kubaki, nikasema nimepima tiba.

Utafiti wa miaka mingi unaonyesha kwamba kwa dawa za kusisimua, njia yenye matokeo mazuri zaidi ni kumpa mtu zawadi ndogo kila kipimo cha mkojo kikitoka safi. Hapa kwetu watu watasema: sasa unamlipa mtu juu ya kuacha ubaya? Mimi pia nilisema hivyo. Leo naona zawadi ile ingeweza kuwa unga, usafiri, au mama mmoja wa kubeba watoto kwa saa mbili. Kwa mwanamke kama yaya hiyo si zawadi. Ni mlango wa kuingilia kwenye kikao.

Yaya amerudi nyuma mara moja tangu tuanze. Alirudi kwenye kalenda siku ya tatu. Sasa anauza samaki, kidogo kidogo, na jina lile bado liko juu ya orodha, halijafutwa.

Nyie mnaoandika juu ya somo hili mwaka huu, chukueni Matrix, ni kitabu kizuri. Lakini nijibuni hapa chini: wale waliotoka katikati, mliwaandika ukurasa gani? Na nani alienda kuwauliza kwao?