Gazeti la Ubaoni

Kwa miaka michache nililea gazeti la michezo la wanafunzi hapa Kigoma: karatasi chache zilizoandikwa kwa mkono na kubandikwa ubaoni. Leo napenda kulihukumu, na mlezi wake pia.

Julai 25, 2021, Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba walishinda 1-0, kwa bao la Taddeo Lwanga. Mwandishi wetu, kijana wa Ujiji, alikuwa uwanjani. Habari yake ilikuwa sahihi na Kiswahili chake safi, nami nikampa alama nzuri. Lakini ndani yake hamkuwa na jambo hata moja ambalo redio haikuwa imekwisha kulitangaza. Macho yalikuwa yake, maneno ya mtangazaji.

Wiki hiyo hiyo wasichana wetu walikuwa wamecheza netiboli. Nahodha wao alisimama ubaoni, akasoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwani sisi hatukucheza?"

Sikuwa na jibu. Simba na Yanga wanaandikwa na magazeti ya nchi nzima. Wasichana wale walikuwa na ubao mmoja tu, na mimi niliwafundisha vijana kuujaza kwa habari za wakubwa.

Baada ya hapo tuliweka sharti: kwanza iandikwe mechi ambayo hakuna mwingine atakayeiandika. Simba na Yanga wasubiri, nafasi ikibaki.