Dosari za Mwendelezo katika The African Queen

Wapenzi wa sinema wamezoea kuzihesabu dosari za The African Queen (1951), filamu ya John Huston iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Katika tukio la maporomoko, mashua inayoonekana kwa mbali ni mfano mdogo tu. Kwa karibu, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wameketi mbele ya pazia lenye picha za maji. Mto uliopigwa picha ni Ruiki wa Kongo, na misheni ilijengwa Butiaba, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda.

Hizo ni dosari za kifani, wala hazimwondolei mtazamaji ladha ya kisa. Ya jiografia ni nzito zaidi. Mto Ulanga, ambao wahusika wanaushuka hadi ziwani, upo kweli nchini Tanzania, ila maji yake huingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Hata hivyo, mtunzi ana uhuru wa kubuni mto.

Dosari isiyohesabiwa ni nyingine. Filamu inaanza Septemba 1914, wanakijiji wakiimba nyimbo za ibada. Wajerumani wanafika, wanachoma nyumba na kuwaswaga watu. Baada ya hapo watu hao hawaonekani tena. Kofia ikikaa vingine kati ya picha mbili, watazamaji hugutuka. Kijiji kizima kikitoweka katika msuko, hakuna anayeuliza.

Swali hilo lina uzito Migori na Homa Bay. Mwezi huohuo wa Septemba 1914, Wajerumani waliingia Kisii. Meli ya Winifred, iliyopeleka askari Karungu, ilizuiwa na Muansa ya Wajerumani; iliporudi pamoja na Kavirondo, Muansa iliondoka. Vita vilipoelekea kusini, vijana wa Nyanza waliandikishwa kwa maelfu katika kikosi cha wapagazi. Wengi hawakurudi, na maradhi yaliwaua zaidi kuliko risasi. Jina la kikosi hicho limebaki katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Yawezekana kumtetea Huston kwamba kisa chake ni cha mapenzi ya watu wawili ndani ya mashua moja, na kwamba chombo kidogo hakibebi umma. Utetezi huo ungetosha kama kijiji kingekuwa pambo. Lakini ni uvamizi wa kijiji unaomuua kasisi, kaka yake Rose, na kumpa Rose sababu ya kulipiza kisasi. Msuko umekopa mateso ya wanakijiji ili uanze safari, kisha haukulipa deni. Mwalimu anayeifundisha filamu hii kando ya ziwa aanze na deni hilo: watu wale walipelekwa wapi?